Ganzi ya kemo, kutoka kwenye kiti cha cherehani

Uzi ulikatika mara nne ndipo nikajua kwamba kasoro haikuwa kwenye uzi.

Nilikuwa nashona bega la gomesi, lile vazi rasmi la wanawake wa Uganda, satini ya zambarau, kazi ya mama wa bibi harusi iliyotakiwa Ijumaa. Cherehani yangu ni ya miguu, ile nyeusi ya zamani yenye pedali ya chuma, na fundi yeyote aliyewahi kuikalia anajua kwamba gurudumu likianza kwa kurudi nyuma, uzi unakatika papo hapo. Nimekanyaga pedali hiyo miaka 21 bila kuitazama. Siku ile niliinama nikachungulia chini ya meza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeteleza, nusu juu ya chuma, nusu hewani, na ndara imenivuka. Mimi nilikuwa najua umekaa sawa.

Niliurudisha kwa mkono, kama mama anavyomvisha mtoto kiatu, nikaendelea kushona huku macho yakiwa chini badala ya kwenye sindano. Nusu saa baadaye nikaona nimeharibu tena: chini ya sindano palikuwa na tabaka tatu za satini badala ya mbili. Fundi haangalii tabaka. Fundi anazipapasa kati ya kidole gumba na cha shahada, na vidole vinamwambia. Vyangu vilikuwa vimenyamaza.

Ilikuwa siku ya tisa baada ya dripu yangu ya tatu ya paclitaxel, mojawapo ya dawa za kemo, yaani dawa za kuua saratani.

Naishi Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ambayo malori ya Kenya hupanga foleni yakisubiri kuvuka. Wateja wangu ni wa pande zote mbili za mpaka, ndiyo maana Kiswahili ndicho kinachonilisha. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto. Nilifanyiwa upasuaji, kisha nikapangiwa kemo katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, Kampala. Dozi nne za kwanza zilikuwa za ile dawa nyekundu ambayo kila mgonjwa wa titi anaijua, inayogeuza hata mkojo rangi. Kuhusu hiyo nilionywa na kila mtu: nywele zitatoka, utatapika, chakula kitaonja kama chuma. Yote yakawa. Zikafuata dozi nne za paclitaxel, moja kila baada ya wiki tatu, na kwenye benchi wenzangu walizisifu. Walisema hii haitapishi kama ile, ukifika hapa umeshavuka mto.

Kutapika kweli kulipungua. Baada ya dripu ya kwanza mifupa iliuma siku ya pili na ya tatu, maumivu ya kuingia mapajani na kwenye magoti, kisha yakaisha yenyewe. Baada ya ya pili ndipo mambo yakaanza vidoleni mwa miguu. Nakumbuka jioni moja nimekaa kitandani, nikainama kuvua soksi. Nilishika kidole cha mguu nikavuta, nikavuta tena. Sikuwa nimevaa soksi.

Sikumwambia mtu.

Hapa ndipo pananiuma kuliko pengine pote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Sikusema kwa sababu mwanamke mmoja tuliyekaa naye foleni aliniinamia akaninong'oneza, "Dada, ukilalamika sana wanakukatia dawa." Mimi niliogopa kukatiwa dawa kuliko nilivyoogopa ganzi. Nilishauza mbuzi watatu na cherehani ya pili kwa ajili ya ile safari. Nilikuwa naamka saa nane usiku, napanda gari la saa tisa, Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, naingia Kampala jua limeshatoka, boda mpaka Mulago, halafu benchi. Mtu aliyelipa hivyo haendi kusema vidole vyake vinawasha. Kila sista aliponiuliza "Mama, unaendeleaje?" nilijibu "Vizuri tu, tunashukuru Mungu." Kwetu hilo ndilo jibu la adabu. Kwenye chumba cha kemo ni jibu linaloharibu mishipa.

Niliwahi kusema mara moja, lakini si Mulago. Nilisema kwenye kliniki moja ya karibu na nyumbani nilikokwenda kupima damu. Aliyenihudumia hakuinua hata kichwa. "Wewe shukuru unapona," akasema, "wenzako wamekufa." Nikatoka pale nimejiona mkosaji, kama mtu aliyelalamikia mchuzi mbele ya wenye njaa. Namsamehe, lakini nataka anayefanya kazi hiyo ajue: kauli ile ilinifunga mdomo wiki tano.

Kilichonifungua mdomo ni kanisa. Jumapili baada ya dripu ya tatu, mchungaji alisema tusimame, tufumbe macho, tuombe. Nilifumba macho. Sakafu ikaondoka. Sikuhisi kizunguzungu, kichwa kilikuwa shwari kabisa, ila mwili haukujua tena chini ni wapi. Niliangukia bega la mama aliyekuwa kushoto kwangu, wote tukakaa chini kwa kishindo. Watu walidhani ni Roho. Wakaniwekea mikono, wakaomba kwa sauti. Nilipofumbua macho niliweza kusimama bila taabu, nikafumba tena kujaribu, nikayumba tena. Nyumbani nikajaribu nikinawa uso kwa sabuni: vilevile. Usiku umeme ukikatika: vilevile. Nikaelewa kwamba kwa wiki nzima nilikuwa natembea kwa macho, si kwa miguu.

Safari iliyofuata nilikuta muuguzi wa tiba shufaa amekaa na wagonjwa. Wengi wetu tukisikia tiba shufaa au hospisi tunafikiri ni kwa mtu wa kuaga dunia. Si hivyo. Shirika la tiba hiyo, Hospice Africa Uganda, lilianza mwaka 1993, na tangu hapo nchi hii imejifunza mengi kuhusu kutuliza maumivu. Kazi ya watu hawa ni kupunguza mateso yenyewe, hata kama unapona. Dada yule hakuniuliza naendeleaje. Aliniuliza, "Mama, kifungo cha hiyo blauzi umefunga mwenyewe?"

Nikalia. Alikuwa amefunga binti yangu. Gomesi ina vifungo viwili tu, upande wa kushoto wa shingo, na mimi nimevishona vifungo hivyo kwenye nguo za watu tangu ujana wangu. Nilikuwa siwezi kuvifunga vya kwangu.

Daktari alinipima siku hiyohiyo. Kwanza alinigusa nyayo kwa pamba, macho yangu yamefumbwa, nikitakiwa kusema "sasa" kila nikihisi. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba nilisema "sasa" mara mbili tu, na zote mbili pamba ilikuwa mbali. Akachukua kipande cha chuma chenye ncha mbili kama uma, akakigonga kikalia, akakiegemeza kwenye mfupa wa kidole gumba cha mguu. Unatakiwa uhisi mtetemo. Mimi nilihisi baridi kidogo, basi. Akapandisha kwenye kifundo, kisha kwenye goti, na gotini ndipo nikasikia chuma kinaimba. Kinyundo cha mpira nyuma ya kisigino hakikurusha mguu hata kidogo.

Hawakunikatia dawa. Nataka hili lisomwe mara mbili. Walipunguza kipimo cha dozi ya mwisho, wakaniandikia tarehe, wakanieleza kwa utulivu kwamba wangeanza kupunguza mapema kama wangejua. Daktari anaweza kupunguza, kuchelewesha kwa wiki moja, kubadili mpangilio ukawa dozi ndogo ndogo, au kubadili dawa, na huo ni uamuzi anaoupima dhidi ya saratani yako. Lakini hawezi kupima kitu ambacho mgonjwa amekikalia. Na mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kwamba ukikimeza kabla ya dripu kitakinga mishipa isiumie. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilipitia ushahidi wote na katika mwongozo wake wa mwaka 2020 hakikupendekeza dawa yoyote ya kinga. Kwa hiyo kinga iliyopo ni ile ya kusema mapema, na mimi niliitupa kwa hofu.

Nilimuuliza kwa nini miguu ndiyo ianze. Alinichorea kwenye karatasi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Busia nilimwelewa kwa malori. Mshipa wa fahamu unaofika kidoleni mwa mguu ni uzi mmoja mrefu sana, makao yake yako karibu na uti wa mgongo, chini ya kiuno. Kila kitu ambacho ncha yake inahitaji kinatengenezwa huko juu na kusafirishwa chini juu ya vijia vyembamba mno, kama reli, ambavyo mwili huvijenga na kuvibomoa bila kupumzika. Seli ya saratani nayo inavitumia vijia vya namna hiyohiyo inapojigawa. Paclitaxel inavigandisha visibomoke, na seli inakwama katikati ya kujigawa, inakufa. Ndivyo dawa inavyotuponya. Ila mshipa wa fahamu nao unabaki na reli zilizoganda, mizigo haishuki. Mtu wa mpakani anajua foleni ikikwama pale geti wiki moja, duka la jirani na geti halina shida, duka la kijiji cha mwisho ndilo linaloishiwa sukari kwanza. Kidole gumba cha mguu ndicho kijiji cha mwisho. Baada yake vidole vya mikono. Ndiyo maana ganzi hii inakuja pande zote mbili kwa pamoja, miguuni kama soksi, mikononi kama glavu. Ikikushika upande mmoja tu, au ikaja ghafla pamoja na mgongo kuuma na mkojo kukataa, hiyo ni habari nyingine, kimbia hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye benchi lile nilijifunza pia kwamba kila dawa ina tabia yake. Mzee mmoja wa saratani ya utumbo alikuwa anapewa oxaliplatin, na siku za kwanza baada ya dripu hakuweza kushika soda ya baridi. Akiishika, mikono inachomwa kama kwa miiba, na akinywa koo linabana. Alikuwa anakunywa maji ya uvuguvugu huku Kampala inawaka jua. Mama mmoja wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayotuandama zaidi wanawake wa Uganda, alikuwa kwenye cisplatin na masikio yalikuwa yanamlia usiku kucha. Dawa za kundi hilo zina hila: ganzi inaweza kuendelea kuzidi hata miezi miwili mitatu baada ya kumaliza, na mtu anaogopa akidhani saratani imerudi.

Na watoto. Mulago ina historia ndefu na watoto, kwa sababu hapo ndipo daktari mpasuaji Denis Burkitt alipoanza kuandika, mwaka 1958, juu ya uvimbe wa taya uliokuja kupewa jina lake, na taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya kutibu uvimbe huo. Dawa yao kubwa mojawapo ni vincristine, inayotoka kwenye lile ua dogo la rangi ya waridi ambalo asili yake ni Madagaska, tunalolipanda mbele ya nyumba bila kujua. Inaokoa watoto wengi. Nayo pia inashambulia reli zilezile, kwa njia nyingine: inazizuia zisijengwe. Nilimwona mvulana wa miaka kama sita akitembea kwenye korido, kila hatua mguu unapiga sakafu kofi, pa, pa, kwa sababu hawezi kuinua ncha ya wayo. Shangazi yake alikuwa anamkaripia atembee vizuri. Aliyemkataza shangazi alikuwa mhudumu wa usafi, si daktari. Alisimama na mopa yake akasema, "Usimgombeze, ni dawa." Mzazi akiona mtoto aliye kwenye vincristine anajikwaa, anashindwa kupanda ngazi, analalamika taya, au hajapata choo siku kadhaa, hayo yote aende akayaseme.

Sasa niseme la nyumbani, ambalo nililifanya mwenyewe. Baada ya dozi ya mwisho miguu ilikuwa ganzi mchana na inawaka moto usiku. Watu wanashangaa vitu hivyo viwili vinakaaje mguu mmoja, lakini vinakaa: hausikii mwiba, ila shuka ikigusa wayo unaruka. Jirani alinishauri maji ya moto na chumvi. Nikateleka maji kwenye sigiri, nikamimina kwenye beseni, nikatumbukiza miguu yote miwili, nikakaa kwa raha nikisikiliza redio. Nilihisi uvuguvugu mzuri. Binti yangu alipita, akaingiza mkono ili atoe chupa ya sabuni iliyodondokea humo, akapiga ukelele. Maji yalikuwa yanaunguza. Ngozi ya juu ya mguu wa kushoto ilitoka kama ganda la nyanya. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga, na chanjo za pepopunda, na dawa za kupaka, na nauli. Tangu siku hiyo maji napima kwa kiwiko, na kama nyumba ina mtu mwingine, anapima yeye.

Mambo mengine nimeyafanya sheria. Sivai ndara tena, navaa viatu vya kufunika, vyenye mkanda nyuma, pana mbele, na kabla ya kuvaa nakung'uta na kuingiza mkono ndani, kwa sababu karakana ya fundi ni pini tupu. Kila jioni nakalia mkeka, naweka kioo kidogo sakafuni, naangalia nyayo zangu na katikati ya vidole. Mara mbili nimekuta pini. Moja ilikuwa imeingia mpaka kichwani, nimetembea nayo sijui tangu saa ngapi. Kucha nakatiwa. Usiku kuna taa ya sola kwenye njia ya chooni. Sufuria siishiki bila kitambaa hata nikidhani imepoa, kwa sababu kudhani kwangu hakuna maana tena.

Kuhusu vidonge. Kwa maumivu ya ganzi hii, mwongozo ule wa ASCO unataja dawa moja tu yenye ushahidi wa kuridhisha, duloxetine. Utafiti wake mkubwa ulitoka mwaka 2013, ukiwa na wagonjwa 231: wanaanza miligramu 30 kwa wiki moja, kisha 60 kwa siku, na maumivu yalipungua zaidi kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Inatuliza maumivu, hairudishi hisia. Mimi sikuipewa, na sababu yake ni muhimu kwa wenzangu wa titi. Nilikuwa nimeshaanza tamoxifen, dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, ambayo ini hulazimika kuigeuza ndipo ifanye kazi, na duloxetine inaweza kuipunguzia kasi kazi hiyo ya ini. Daktari alichagua kunipa amitriptyline, kidonge kidogo cha usiku, akipandisha taratibu. Ushahidi wake kwa ganzi ya kemo si mkubwa, naye aliniambia hivyo wazi. Asubuhi kinywa kilikuwa kikavu kama unga na macho mazito mpaka saa nne. Lakini nililala. Baada ya wiki nyingi za kukesha nikipepea nyayo kwa gazeti, nililala, na mtu aliyelala anaweza kuvumilia mchana.

Dawa hizi zote hazianzwi wala kuachwa kwa kujiamulia. Na vitamini, jamani. Duka la dawa lilikuwa tayari kuniuzia makopo matatu tofauti ya vitamini B kwa mara moja, kila moja ikiwa na B6 ndani. B6 kidogo ni chakula cha mishipa, nyingi kwa muda mrefu yenyewe inaleta ganzi. Mtu anaongeza vidonge ganzi inazidi, anaongeza tena. Shemeji yangu alinitumia kutoka ughaibuni kopo la acetyl-L-carnitine, kwa mapenzi mema kabisa. Daktari alinikataza nisifungue: walipoijaribu kwa wanawake wenye saratani ya titi kama mimi, wanaopewa dawa za kundi la paclitaxel, iliwazidishia ganzi. Nimeliweka kabatini kama kumbukumbu ya upendo wake.

Aliyenisaidia kuliko duka lolote ni bibi mmoja wa mtaani kwetu. Anaishi na virusi vya UKIMWI tangu zamani, alikunywa stavudine miaka ile ilipokuwa ndiyo dawa iliyopo, kabla Shirika la Afya Duniani halijashauri mwaka 2009 iachwe kwa sababu ya madhara yake, ganzi na moto wa miguu ukiwa mojawapo. Alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya cherehani yangu, akavua viatu akanionyesha miguu. "Mwanangu, mimi nimeizoea safari hiyo kabla yako," akasema. Ndiye aliyenifundisha kulala na kikapu kilichopinduliwa chini ya shuka ili shuka isiguse nyayo. Ndiye aliyeniambia nitembee, hata nikiwa sitaki, asubuhi kabla ya jua, taratibu, njia isiyo na mashimo. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniambia lilelile kwa maneno ya kitaalamu, akaongeza kusimama kwa mguu mmoja nimeshika meza, kuinuka kwa ncha za vidole mara kumi, na kazi ya mikono: kuchambua vitu vidogo bila kuangalia.

Hiyo ya mikono nimeifanya yangu. Namwaga maharage makavu kwenye beseni, nachanganya vifungo 20 humo, nafumba macho, natafuta. Mwezi wa kwanza nilitoa maharage nikiapa ni vifungo.

Dozi ya mwisho ilikuwa karibu miaka miwili iliyopita. Moto wa usiku umetulia sana, kidonge tumekishusha mpaka kiwango cha chini. Ganzi ya mikono imerudi nyuma mpaka kwenye ncha za vidole. Ya miguu imeshuka kutoka kifundoni hadi kwenye vidole na mpira wa wayo, na hapo imekaa. Daktari anasema kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, kwa wengine kunabaki kiasi. Mimi nimejipanga kwa vyote viwili. Pedali nimeifunga kipande cha mkeka wa sisali ili mguu usiteleze, na nimebandika kioo kwenye mguu wa meza nione chini bila kuinama. Satini sishoni peke yangu tena. Msichana ninayemfundisha ndiye anayepapasa tabaka, ananiambia "mbili, fundi," nami namwamini. Vifungo vya gomesi naanza kuvishona mwenyewe, polepole, kwa uzi mzito kidogo kuliko zamani. Ile zambarau nilifumua bega usiku kucha na ikaenda harusini.

Kila Jumapili jioni mume wangu anatia sarafu nne kwenye mfuko wa aproni yangu, na mimi nazitaja moja moja bila kuzitoa. Ya 100 ndiyo kubwa, ina ng'ombe mwenye pembe. Ya 50 ndiyo ndogo. Ya 200 yenye samaki na ya 500 yenye korongo zinakaribiana upana, ila ya 500 ni nzito zaidi, na uzito ule zamani niliujua hata nikiwa na usingizi. Tumeanza mchezo huu mwezi wa tatu baada ya dripu ya mwisho, nami nikawa nakosa zote.

Jumapili iliyopita mkono wa kulia ulipata zote nne. Wa kushoto ulisema samaki ni korongo. Tukazirudisha mfukoni, nikajaribu tena.